Kwa nini shahada ya miaka mitatu hugeuka ya minne

Mzazi wa Digodigo anapopata habari kwamba mwanawe amechaguliwa chuo kikuu, hupiga hesabu ya miaka mitatu: mbuzi watakaouzwa, asali, nauli ya kwenda Arusha na kuendelea mbele. Shahada nyingi nchini ni za miaka mitatu kweli, ingawa uhandisi huchukua minne na udaktari mitano. Shida huja pale mwaka wa mwisho unapoisha na jina la kijana halimo kwenye orodha ya wahitimu.

Nyumbani watasema alikwama mwishoni. Mara nyingi mambo yalianza mapema, kwa somo moja tu, na hakuna aliyeambiwa. Ndiyo maana tunawaelezea maneno ya chuoni.

Mwanafunzi akifeli somo hupewa mtihani wa marudio, wenyewe huuita "sapu". Akifeli na huo, katika vyuo vingi hulibeba somo hadi mwaka unaofuata. Hiyo ndiyo "kukeri". Hapa ndipo muda unapopotea. Somo la muhula wa kwanza kwa kawaida hufundishwa muhula huo tu, kwa hiyo anayelibeba mwaka wa mwisho husubiri mpaka lifundishwe tena, wenzake wakiwa wameshavaa majoho. Ufaulu wa jumla ukishuka chini ya kiwango cha chuo, anaondolewa masomoni. Huko ni "kudisko".

Kuna na mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi 2005, humtaka mwanafunzi anayeendelea awe amefaulu kuingia mwaka unaofuata. Asipofaulu, bumu linaweza kukatika, na chakula, chumba na ada vikarudi kwa mzazi ambaye mbuzi wake walishauzwa. Kuacha chuo nako hakufuti deni. Aliyeacha njiani anadaiwa kama aliyehitimu, na akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, tofauti ni kwamba anaomba kazi bila shahada.

Yapo yanayotokea bila uzembe: ugonjwa, ujauzito, kukosa ada. Vyuo huruhusu kuahirisha masomo, ila kwa maandishi. Kijana aandike barua kupitia idara yake, aambatanishe ushahidi kama cheti cha daktari, asubiri jibu la barua na kutunza nakala. Akiondoka kimyakimya kurudi kijijini atahesabiwa mtoro, hata kama sababu yake ilikuwa ya kweli. Ahadi ya mdomo ya mtu wa ofisini haitamsaidia.

Sisi wazazi na ndugu tukipiga simu huuliza kama amekula na kama ni mzima. Ni vizuri. Tuulize pia: matokeo ya muhula yametoka? Una sapu? Tuulize kwa sauti ya kumfanya ajibu, maana anayetukanwa kwa sapu moja ataificha ya pili.

Na sapu ina jambo lake kwa watu wa huku mbali. Vyuo vingi huifanya mwishoni mwa likizo ndefu, kabla mwaka mpya wa masomo haujafunguliwa. Wakati huo kijana yuko Digodigo, anasaidia shambani au anachunga. Kama hajasema nyumbani kwamba ana mtihani, ataombaje nauli ya kurudi chuoni wiki kadhaa kabla ya wenzake?