Rwanda: Bima ya afya ya RAMA humlindaje mfanyakazi na familia yake?

Kila mwisho wa mwezi, mfanyakazi aliyeandikishwa katika RAMA hukatwa sehemu ya mshahara wake kwa ajili ya bima ya afya. Wengi huyaona makato hayo katika karatasi ya mshahara, lakini hawajui yanawapa haki gani, hadi siku wanapofika hospitalini.

RAMA ilianzishwa mwaka 2001 kwa ajili ya watumishi wa umma, na baadaye waajiri binafsi nao wakaruhusiwa kujiunga. Tangu kuundwa kwa Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, RSSB, mwaka 2010, bima hiyo husimamiwa na bodi hiyo.

Mchango ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mfanyakazi hulipa asilimia 7.5, na mwajiri asilimia 7.5. Mwenye mshahara wa msingi wa faranga 200,000 hukatwa faranga 15,000. Mwajiri naye huongeza kiasi hicho hicho. Mchango huo mmoja humhudumia mwanachama, mwenzi wake wa ndoa halali na watoto wanaomtegemea.

Mgonjwa anapotibiwa katika kituo chenye mkataba na RSSB, hulipa asilimia 15 ya gharama, na bima hulipa asilimia 85. Kwa hiyo, matibabu ya faranga 20,000 humgharimu mwanachama faranga 3,000. Hesabu hiyo huhusu huduma na dawa zilizokubaliwa na bima pekee. Dawa isiyokuwamo katika orodha hulipwa yote na mgonjwa. Ni busara basi kumwuliza daktari, kabla ya kwenda kwenye duka la dawa, iwapo ipo dawa nyingine ya namna hiyo iliyomo katika orodha.

Ajali ya kazini ni jambo jingine. Huhudumiwa na tawi la RSSB la ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, ambalo mchango wake wa asilimia 2 hutolewa na mwajiri peke yake. Aliyeumia kazini hana budi kumjulisha mwajiri mapema ili ajali hiyo itangazwe.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni hili: kukatwa mshahara si sawa na mchango kufika RSSB. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuupeleka. Akichelewa, mfanyakazi aweza kukataliwa huduma ingawa alikatwa fedha zake. Inafaa kuhakikisha mapema kwamba michango imefika, na kuzihifadhi karatasi za mshahara kama ushahidi, badala ya kungoja mtoto augue.

Anayeacha kazi naye asikae bila kinga. Bima ya afya ya jamii, Mituweli, iko wazi kwa kaya zisizo na bima nyingine, na mwaka wake huanza tarehe 1 Julai.