Utani kama Usimulizi: Igalula na Njia ya Misafara

Mtafiti wa fasihi simulizi anayefika Igalula, wilayani Uyui, kwa kawaida huulizia wajuzi wa ngano. Swali hilo humfikisha kwa bibi kizee na kumpitisha mbali na msiba, ilhali msibani ndiko usimulizi hai zaidi unakopatikana: katika utani, ambao njia ya misafara ilichangia kuustawisha.

Misafara iliyotoka Bagamoyo ilivuka Ugogo na nyika iliyoitwa Mgunda Mkali, ikatokea Tura, kisha Rubuga na Kigwa, hadi Kaze ya Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, alikofika msafiri Mwingereza Richard Burton mwezi Novemba 1857. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na Igalula ikawa kituo. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi, na kukaa kwao miezi njiani na pwani kulichangia kustawi kwa utani baina yao na watu kama Wazaramo. R. E. Moreau, aliyeandika kuuhusu utani huo katika miaka ya 1940, aliuchambua kama mfumo wa haki na wajibu baina ya makabila. Hakukosea. Ila katika uchambuzi wa namna hiyo mtani huonekana kama mdai tu, na usanii wake haupewi nafasi.

Tumtazame basi akiwa kazini. Anaingia matangani amevaa kanzu ya marehemu, anaiga mwendo wake, kikohozi chake, jinsi alivyokwepa kulipa deni la pombe. Anazuia jeneza mpaka apewe chochote. Wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Wanamjibu, wanamsahihisha, wanacheka huku wanalia. Hapo pana mhusika, tukio, mgogoro na hadhira inayoshiriki kutunga. Na nyuma ya maisha hayo ya mtu mmoja ipo hadithi kongwe isiyosimuliwa kwa kuwa kila mtu anaijua: mtani wa pwani akimkejeli Mnyamwezi kwa mizigo ya babu zake, safari nzima ya bara imekwisha kutajwa.

Wapo watakaosema kwamba tukienda hivyo kila kitu kitakuwa simulizi. Pingamizi hilo lina uzito. Mimi siamini, kwa mfano, kwamba miembe ya Tabora inayohusishwa na misafara “inasimulia” historia; miti haisimulii, wasimuliaji ni watu wanaoketi chini yake. Jina la Shija, apewalo mtoto aliyezaliwa baada ya pacha Kulwa na Doto, limesimama katikati: ni taarifa tu, mpaka mgeni aulize pacha wako wapi. Kigezo changu ni mpangilio wa matukio pamoja na msikilizaji anayewajibika kuukamilisha. Utani unakitimiza kuliko hata ngano nyingi zilizochapwa, ambazo msikilizaji wake amefutwa kabisa.

Kwa hiyo anayerekodi asiishie kwa mtani; majibu ya wafiwa ni nusu ya matini. Aombe idhini kwanza, na aende na fedha mfukoni, maana naye atadaiwa.