Mapipa ya Soda na Matangi ya Maziwa: Bia ya Nyumbani Ilivyorudi Marekani

Wengi wetu hatuonji kileo, wengine kwa dini, wengine kwa hiari. Makala haya hayamshawishi mtu kunywa. Ni habari ya sheria, ya vyombo vya mtumba na ya watu wasiokuwa na mtaji, mambo ambayo sisi tulio ughaibuni tunayafahamu vizuri.

Mwaka 1920 Marekani ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza vileo nchi nzima. Viwanda vingi vikafungwa. Vilivyobaki vilitafuta riziki penginepo: Anheuser-Busch, kwa mfano, waliuza rojo ya kimea kwenye makopo, eti ya kuokea mikate. Kila mtu alijua mikate yenyewe ni ya namna gani. Watu walinunua kopo dukani, wakalichanganya na maji ya moto na sukari, wakatia hamira na kuficha ndoo pembeni ya jiko. Wenye haraka walijaza chupa kabla hamira haijamaliza kazi, na chupa zikapasuka usiku.

Marufuku iliondolewa Desemba 1933. Ajabu ni kwamba mkuu wa familia aliruhusiwa kutengeneza divai nyumbani kwa matumizi ya nyumba yake, lakini bia haikuingizwa katika ruhusa hiyo. Kwa miaka mingine 45, mzee wa Kiitaliano aliyekamua zabibu zake huko California alikuwa raia mwema, na jirani yake wa Kijerumani aliyechemsha shayiri alikuwa mvunja sheria. Sisi tusicheke sana. Nairobi, katika miaka ya 1920, baraza la mji lilijitwalia biashara ya pombe ya Waafrika huko Pumwani, na mama aliyepika busaa chumbani kwake akawa wa kukimbizana na askari.

Mlango ulifunguliwa kwanza Uingereza. Huko tangu 1880, enzi ya Gladstone, aliyetaka kujitengenezea bia alidaiwa leseni. Waziri wa fedha Reginald Maudling akaifuta mwaka 1963, na haikuchukua muda maduka ya dawa ya Boots yakawa yanauza vifaa kamili vya kutengenezea bia nyumbani. Mmoja wa walionunua alikuwa kijana wa Kimarekani, Jack McAuliffe, fundi wa jeshi la majini aliyepelekwa Scotland kwenye kituo cha nyambizi. Alipenda bia nzito za huko. Aliporudi kwao hakuziona madukani, kwani makampuni machache makubwa yalikuwa yameshika soko lote na bia zao zilifanana kama maji ya mto mmoja.

Mwaka 1976, nje kidogo ya mji wa Sonoma, California, McAuliffe na wenzake wawili, Suzy Stern na Jane Zimmerman, walianzisha kiwanda kidogo walichokiita New Albion. Leseni ya kiwanda ilipatikana. Shida ilikuwa vyombo. Watengenezaji wa mitambo walijua wateja wakubwa tu. Hakuna aliyefikiria kwamba mtu atataka mtambo wa kutoa galoni 45 kwa mpigo. McAuliffe akanunua mapipa ya chuma ya galoni 55 yaliyokuwa yakibeba sharubati ya Coca-Cola, akayakata na kuyachomelea mwenyewe. Vitu vingine alivitoa kwenye vifaa vya zamani vya maziwa.

Hapa kwenye maziwa panahitaji maelezo. Miaka hiyo wasindikaji wadogo wa maziwa Marekani walikuwa wanamezwa na wakubwa, na matangi yao yakawa yanauzwa kwa bei ya kutupa. Tangi la maziwa ni la chuma kisichoshika kutu, ndani laini, na mengine yana kuta mbili za kupitishia maji ya baridi. Bia inataka hayo hayo. Adui wa maziwa na adui wa bia ni mmoja: kijidudu kinachojificha kwenye mkwaruzo. Ndiyo maana mpaka leo mzoefu anayenunua vyombo vya mtumba atachukua sufuria ya chuma hata ikiwa imebonyea, lakini ndoo ya plastiki iliyokwaruzwa ataiacha, na mipira ya kupitishia bia atanunua mipya. Chombo cha shaba cha zamani atakikagua maungio, kwa sababu risasi iliyotumika kuunganishia ni sumu. Waliogema pombe kali wakati wa marufuku kwa kutumia rejeta za magari walijifunza hilo kwa afya zao.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Aliyekulia Moshi ameona ulezi ukilowekwa, ukaachwa uote kidogo, ukaanikwa na kusagwa: hicho ndicho kimea. Mzungu hutumia shayiri. Uchungu wake anautoa kwenye maua ya hopsi. Mchaga anautoa kwenye magome ya msesewe. Tofauti kubwa ni kwamba mbege hunywewa ndani ya siku chache, na bia ya chupa inatakiwa ikae. Kwa hiyo usafi wa chombo kwake ni suala la kufa na kupona.

Mwaka huo huo wa 1976, mjini Chico, kijana Ken Grossman alifungua duka la vifaa vya kutengenezea bia nyumbani, wakati sheria bado haijaruhusu. Rais Jimmy Carter alitia sahihi ruhusa hiyo Oktoba 1978, kutokana na pendekezo la seneta Alan Cranston: galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima, 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, na marufuku kuuza. Pombe kali haikuguswa. Kila jimbo liliachiwa uamuzi wake, na Alabama na Mississippi ziliruhusu mwaka 2013 tu. Grossman na Paul Camusi walipika bia ya kwanza ya Sierra Nevada mwaka 1980, nao wakitumia matangi ya maziwa. Walimwaga mipiko mingi kabla ya kuridhika.

Wakati Carter anatia sahihi, viwanda vya bia Marekani havikufika 100. Katika miaka ya 2020 vimezidi 9,000, na wengi wa waanzilishi walianzia jikoni kwao.

New Albion haikuyafaidi hayo. Mapipa yake yalikuwa madogo mno kulipa gharama, hakupatikana wa kuwakopesha fedha za kupanua, na mwaka 1982 ilifunga. Vyombo vilinunuliwa na Mendocino Brewing ya Hopland, iliyofungua milango mwaka 1983. Walichukua pia hamira, na mafundi wawili waliojua namna ya kuitunza.