Mobutu, Maaskofu na Walei wa Kinshasa

Mwanzoni mwa mwaka 1972, Kadinali Joseph-Albert Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alitolewa katika nyumba yake. Nyumba ikakabidhiwa vijana wa MPR, chama cha Rais Mobutu, nao wakaifanya ofisi yao. Mwezi Februari kadinali mwenyewe alikuwa Roma, akiwa mkimbizi kwa namna fulani, na gazeti la Afrique Chrétienne lilikuwa limefungiwa. Kosa lao lilikuwa kuikosoa siasa ya uasilia, iliyomtaka kila raia aache jina la kigeni la ubatizo. Rais Joseph-Désiré Mobutu alitangulia kwa kujiita Mobutu Sese Seko, na mapadre wakaonywa kwamba atakayembatiza mtoto kwa jina la Kizungu ataonja jela.

Kumshutumu Malula kwa kasumba ya kikoloni kulikuwa kichekesho. Akiwa padre kijana, mwaka 1956, alikuwamo katika kundi lililotoa ilani ya Conscience Africaine, mojawapo ya maandishi ya kwanza ya Wakongo kudai mustakabali wao wenyewe. Ngoma na nyimbo za Kikongo kanisani alizipigania yeye kabla Mobutu hajavaa kofia ya ngozi ya chui. Misa yenye sura ya Kizaire (Zaire ndivyo Kongo ilivyoitwa wakati huo), iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, ilitokana kwa kiasi kikubwa na jitihada zake.

Hata hivyo, Mobutu alikuwa na pa kuanzia. Mwaka 1906 Vatikani ilikuwa imetia saini mkataba na Dola Huru ya Kongo ya mfalme Léopold: misheni zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Tangu hapo serikali, makampuni na Kanisa vilikaa kama mafiga matatu ya utawala wa Wabelgiji. Raia aliyekumbuka hayo hakuona ajabu rais alipowabana maaskofu.

Akawabana kweli. Chuo Kikuu cha Lovanium kilitaifishwa mwaka 1971. Mwaka 1974 ikawa zamu ya shule: somo la dini likatolewa, fikra za chama zikaingia, na tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi kama nyingine. Waziri mmoja alifika mahali pa kumwita Mobutu masiha wa Wazaire. Kisha bei ya shaba ikaanguka, hazina ikakauka, na madarasa yakabaki bila uangalizi. Mwaka 1977 dola ikawarejeshea Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbanguisti uendeshaji wa shule kwa mkataba. Walimu wangelipwa na serikali, na shule zingesimamiwa na makanisa. Masiha alikuwa ameshindwa kununua chaki.

Katika miaka hiyo hiyo jambo jingine lilikuwa likiota bila kelele. Malula alikuwa akiwakabidhi walei parokia nzima waziongoze. Kinshasa wakaitwa bakambi. Mitaani, kuanzia Kinshasa hadi Bukavu na Lubumbashi, familia zilikutana katika jumuiya ndogondogo, ambazo mashariki huitwa shirika, kusoma Injili na kuamua nani ana mgonjwa, nani hana karo. Vyama vya siasa vilikuwa vimepigwa marufuku, isipokuwa kimoja. Kwa hiyo hapo, katika viti vya kuazima uani, ndipo maelfu ya Wakongo walipojizoeza kuongoza mkutano, kutunza fedha na kumpinga mwenyekiti bila kukamatwa. Nguvu ya Kanisa la Kongo mbele ya dola ilitoka huko zaidi kuliko ikulu ya askofu yeyote.

Ilionekana wazi mwaka 1992. Mobutu alikuwa ameruhusu vyama vingi tangu Aprili 1990, na Mkutano wa Kitaifa uliotarajiwa kuijenga upya nchi ulikuwa chini ya Laurent Monsengwo Pasinya, Askofu Mkuu wa Kisangani. Januari, waziri mkuu Nguz Karl-i-Bond akausimamisha. Walioitisha maandamano hawakuwa maaskofu, bali kamati ya walei. Jumapili ya tarehe 16 Februari, baada ya misa, watu walitoka parokiani na Biblia, rozari na matawi ya mitende. Askari wakafyatua risasi, na watu kadhaa wakafa. Ilipofika Aprili mkutano ulikuwa umefunguliwa tena, na mwezi Agosti ukamchagua mpinzani Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu.

Mashariki gharama ilikuwa kubwa zaidi. Askofu Mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, aliuawa mjini humo tarehe 29 Oktoba 1996, vita vilipoingia. Mrithi wake, Emmanuel Kataliko, alihamishiwa Butembo kwa nguvu na waasi wa RCD mwaka 2000. Alirudi Septemba, na wiki chache baadaye akafia Roma.

Maaskofu walirudi mezani Desemba 2016, muhula wa Rais Joseph Kabila ulipokwisha bila uchaguzi, na tarehe 31 wakapatanisha makubaliano. Hayakutekelezwa kama yalivyoandikwa, na mwaka mmoja baadaye, siku hiyo hiyo, kamati ya walei ikawatoa tena waumini barabarani, na damu ikamwagika tena. Katika uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 Kanisa lilisambaza watazamaji wapatao 40,000. Baada ya siku nne maaskofu walisema wanamjua mshindi, ila jina hawakulitaja hadharani. Tume ya uchaguzi ilipomtangaza Félix Tshisekedi, mwana wa Étienne, walisema hayo siyo waliyoyakusanya vituoni, kisha wakaishia hapo. Septemba 2019 rais huyo alianzisha elimu ya msingi bila malipo. Watoto wakafurika madarasani, mengi yakiwa ya shule za Kikatoliki zinazoendeshwa kwa mpango ule wa 1977, na walimu wakaanza upya kuidai serikali mishahara.