Kigoma mwisho wa reli, katikati ya nchi nne

Ndege zilizoingia katika historia ya Kigoma Juni 1916 hazikushusha abiria. Zilikuwa ndege za Wabelgiji zenye kutua majini, zikivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo kuja kuipiga meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Mwezi uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi safarini kwa jina la Liemba.

Kwa miongo mingi Liemba ndiyo iliyowakutanisha majirani: Bujumbura ya Burundi kaskazini, Mpulungu ya Zambia kusini, Kigoma kati. Vijiji vingi vya mwambao havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali na ufuko, ikapiga honi, mitumbwi ikakimbilia ubavuni mwake. Magunia ya dagaa yakapandishwa, bibi akashikwa mkono akavutwa juu, mjukuu akafuata.

Angani nako ushirika ulianza mapema. Mwaka 1946 lilizaliwa East African Airways, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, likiwa na ndege sita ndogo aina ya Dragon Rapide. Likakua hadi kuruka Ulaya na Asia. Lakini nchi wanachama ziligombana juu ya fedha na madeni, na mwaka 1977 shirika likafa, Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikavunjika. Machi mwaka huohuo Tanzania ikaunda shirika lake.

Tangu hapo kila nchi ilielekeza ndege zake kwanza kwenye jiji lake kuu. Kwa Kigoma, njia kubwa ya angani ikawa ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000. Kalemie ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, ni kama kilomita 120 tu. Bujumbura kama 175. Mwaka 1999, huko Yamoussoukro, Côte d'Ivoire, mawaziri wa Afrika waliafikiana nchi zifunguliane anga. Ahadi hiyo inafaa ipimwe hapa mwambaoni, ambako ndege ndogo ingefika Kalemie kwa nusu saa hivi.

Jina la "mwisho wa reli" ni la anayeitazama Kigoma kutoka Dar es Salaam. Mtu wa Ujiji mwenye shangazi Uvira, Kongo, na mteja wa dagaa Kalemie anajua yuko katikati. Ndege nazo zipangwe kwa kumtazama yeye.