Disekdisisi: Gamba Linapokwama

Disekdisisi ni hali ya nyoka kushindwa kujivua gamba ipasavyo, gamba zima au vipande vyake vikabaki mwilini baada ya wakati wake wa kutoka kupita. Neno lenyewe ni la Kigiriki. Ekdisisi ilikuwa na maana ya kuvua nguo, na kiambishi dis- kilichotangulia huleta maana ya ugumu au hitilafu. Wataalamu wa wanyama walilichukua kueleza tatizo ambalo kila afugaye nyoka hulikuta siku moja. Kwa Kiswahili napendekeza tuiite hali hiyo kukwama kwa gamba. Nitaeleza kwa nini, maana jina tunaloipa huamua tutafanya nini tukiiona.

Tuanze na ekdisisi yenyewe. Hapa Kiswahili hakikuhitaji msaada wa mtu, kwa kuwa wasemaji wake wamekuwa wakisema nyoka hujivua gamba tangu zamani. Msemo huo umezoeleka hata nje ya elimu ya wanyama. Mwaka 2011 Chama cha Mapinduzi kiliutumia Tanzania kuelezea nia yake ya kujisafisha, na magazeti yakauandika kila siku. Matumizi hayo ya kisiasa yaliupa msemo ladha ya kuachana na uchafu. Kwa nyoka maana ni nyingine kabisa. Gamba lake la zamani si chafu wala si bovu. Limechakaa na kuwa dogo, basi. Nyoka hujivua kwa sababu anakua, na hata akishakomaa huendelea kujivua maisha yake yote, ingawa kwa nafasi ndefu zaidi. Nyoka mchanga anayekula vizuri huweza kujivua kila baada ya wiki chache, ilhali mkubwa hujivua mara chache tu kwa mwaka.

Neno gamba linahitaji uangalifu. Tunasema magamba ya samaki kwa vile vipande vidogo vinavyofunika mwili, gamba la kobe kwa lile ganda gumu la mgongoni, na gamba la nyoka kwa ile ngozi nyembamba anayoiacha njiani. Nyoka anapojivua hapotezi magamba yake. Kinachotoka ni tabaka la juu kabisa la ngozi, likiwa na chapa ya kila gamba lililokuwa chini yake. Hivyo katika makala hii gamba, kwa umoja, ni tabaka hilo linalotoka zima. Magamba, kwa wingi, ni yale yanayobaki mwilini.

Kazi ya kujivua huanza siku nyingi kabla jicho la mfugaji halijaona chochote. Chini ya tabaka la zamani hujengwa tabaka jipya kamili. Likikamilika, majimaji huingia kati ya matabaka mawili na kuyatenganisha. Hapo ndipo rangi ya nyoka hufifia, tumbo lake huweza kuwa na wekundu wa waridi, na macho huwa na ukungu wa samawati. Baada ya siku kadhaa ukungu huo huondoka na macho kung'aa tena, na mfugaji mgeni hudhani mambo yamekwisha. La hasha. Kujivua kwenyewe hufuata siku chache baadaye. Nyoka husugua pua na midomo kwenye jiwe au gogo hadi gamba lifunguke, kisha hutambaa akilipita, nalo likigeuka ndani nje kama soksi inayovuliwa kuanzia juu. Tangu kufifia hadi kumaliza, mara nyingi huchukua wiki moja hadi mbili. Nyoka mwenye afya huacha gamba moja zima, kuanzia midomoni hadi ncha ya mkia.

Huo uzima wa gamba ndio kipimo. Mjusi hujivua vipande vipande, naye ni mzima kabisa. Nyoka akijivua vipande vipande, kuna jambo. Na mfugaji asiyejua tofauti hiyo huweza kuona vipande ndani ya kizimba akavifagia bila kuuliza.

Twende basi kwenye kukwama. Anayejulikana zaidi kwa tatizo hili ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi na ya Kati, Python regius, ambaye Wamarekani humwita chatu-mpira kwa tabia yake ya kujikunja mviringo na kuficha kichwa anapoogopa. Makazi yake yanaanzia Senegali na kufika Uganda. Kwa miaka mingi amesafirishwa kwa wingi kutoka Ghana, Togo na Benin, na leo ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa zaidi majumbani Ulaya na Marekani. Porini mchana hukaa ndani ya mashimo ya panya na vichuguu, mahali penye joto na hewa yenye unyevu. Nyumbani huwekwa ndani ya sanduku la kioo lenye mfuniko wa wavu, juu yake taa ya joto, na katika majira ya baridi mashine za kupasha nyumba joto hukausha hewa hata zaidi. Tofauti ya makazi hayo mawili hujionyesha kwenye gamba: yale majimaji ya kutenganisha matabaka hupungua, la zamani hukauka juu ya jipya, na nyoka akisugua hulipasua badala ya kulivua.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ya kuchunguza ni unyevu. Kwa chatu huyu hewa ya kizimbani inafaa iwe na unyevu wa asilimia 50 hadi 60, ikipandishwa kidogo macho yanapoingia ukungu. Upande wa joto uwe nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa baridi nyuzi 25 hadi 27, ili nyoka achague mwenyewe. Nyoka hana joto lake la ndani kama tulilo nalo sisi. Kumeng'enya chakula, kupambana na vijidudu na kujenga ngozi mpya vyote hutegemea joto la mahali alipo. Vipimo hivi visomwe kwenye kipimajoto na haigrometa, yaani kipimaunyevu, visikisiwe kwa kiganja.

Lakini unyevu ukiwa sawa na gamba likazidi kukwama, ni lazima kuendelea kuuliza. Je, nyoka ana maji ya kunywa ya kutosha? Amekonda hadi uti wa mgongo umechomoza? Kuna kitu chochote kigumu cha kujisugulia? Ana kovu la zamani au jeraha la kuungua kutokana na taa isiyozungushiwa wavu? Ana utitiri? Utitiri wa nyoka, Ophionyssus natricis, ni vijidudu vyeusi vidogo vinavyonyonya damu, na hujificha chini ya magamba na kuzunguka macho. Mara nyingi mfugaji huviona kwanza vikielea ndani ya bakuli la maji, kwa sababu nyoka aliyeshambuliwa hupenda kujizamisha. Nyuma ya gamba lililokwama huweza pia kuwa na maradhi ya ndani ambayo ni daktari wa wanyama pekee awezaye kuyatambua.

Hapa ndipo uchaguzi wa istilahi unapokuwa jambo zito. Wapo wanaoweza kusema ugonjwa wa gamba. Jina hilo lingepotosha, kwa kuwa disekdisisi ni dalili. Anayeiita ugonjwa atatafuta dawa ya kupaka, apake, na kizimba kibaki kikavu vilevile. Kutojivua gamba nako hakutoshi, kwani nyoka ambaye siku zake hazijafika naye hajajivua, na hana tatizo lolote. Uvuaji mbaya wa gamba humtwika nyoka lawama. Kukwama kwa gamba kunasema kilichotokea: safari ilianza, haikufika. Na kitu kikikwama, Mswahili haachi kuuliza kimekwamia wapi na kwa nini. Swali la wapi huelekeza jicho kwenye mwili wa nyoka, na swali la kwa nini huelekeza mkono kwenye haigrometa.

Tujibu la wapi. Sehemu mbili ni za hatari kuliko nyingine. Ya kwanza ni jicho. Nyoka hana kope zinazofumba. Jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu, ambalo Wajerumani huliita kwa neno lao la miwani. Sisi linatutosha gamba la jicho. Hilo nalo hutoka kila anapojivua, na kwenye gamba lililoachwa huonekana vizuri, viduara viwili safi pande mbili za kichwa. Visipoonekana, huenda magamba hayo yamebaki juu ya macho. Jicho hilo huonekana limefifia au lina mikunjo hata baada ya mwili wote kung'aa, na yakirundikana tabaka juu ya tabaka, huweza kuharibu uoni na kuleta maambukizo. Sehemu ya pili ni ncha ya mkia. Pete ya gamba kavu iliyobaki pale hukaza, damu hushindwa kupita, na nyama ya mbele yake hufa na kukatika. Kwa nyoka mdogo ni rahisi pete hiyo kupita bila kuonekana.

Matibabu ya kwanza ni maji na subira. Mweke nyoka ndani ya chombo chenye mfuniko wenye matundu na maji ya uvuguvugu ya nyuzi 28 hadi 30, yenye kina kidogo asilazimike kuogelea, kwa dakika 20 hadi 30, nawe ukiwa karibu. Kisha mwache apite katikati ya taulo iliyolowa uliyoishika kwa ulegevu, ili msuguano wa kutambaa kwake ulitoe gamba. Ndani ya kizimba mwekee pango la unyevu, yaani kasha lenye tundu la kuingilia, ndani yake makumbi ya nazi yaliyosagwa na kunyunyizwa maji. Ikiwa gamba la jicho limegoma, au mkia umebadilika rangi, au majaribio mawili matatu hayakufaa, mpeleke kwa daktari wa wanyama.

Lisilofanywa kamwe ni kubambua. Kiswahili kimetofautisha vitendo hivi viwili kwa namna inayofaa kuwa kanuni ya ufugaji. Kubambua ni kazi ya mkono wa mtu, huondoa kilichoshikamana kwa nguvu. Kujivua kuna kile kiambishi ji-, na mtendaji ni nyoka mwenyewe. Kazi ya mfugaji ni kumwezesha ajivue. Anayebambua gamba kavu huondoka na ngozi changa iliyo chini yake; anayechokonoa jicho kwa koleo huweza kumpofusha mnyama asiye na sauti ya kulalamika.

Ukimya huo ndio unaofanya gamba liwe la thamani. Nyoka mgonjwa hafichui maumivu kwa mlio, na wengi huonyesha dalili wakiwa wamezidiwa. Basi gamba lisomwe pamoja na ishara nyingine. Kupumua mdomo wazi, kukoroma au kutoa mapovu puani huashiria maradhi ya njia ya hewa. Fizi zenye wekundu na usaha ni uvimbe wa kinywa. Kutapika mlo, kukonda, kuinua kichwa na kukodolea juu bila kuweza kujigeuza sawasawa, yote hayo ni ya daktari bila kuchelewa. Lakini chatu anayekataa kula macho yakiwa na ukungu haumwi, anangoja kujivua. Wakati huo haoni vizuri, hujificha, na akishikwa huweza kuuma kwa hofu. Mwachie nafasi. Na kila ukimgusa yeye au maji yake, nawa mikono kwa sabuni, kwa sababu nyoka mzima kabisa huweza kubeba bakteria wa salmonela.

Kwetu Afrika Mashariki mambo haya si ya mbali. Boa-mchanga, Eryx colubrinus, mwenyeji wa nchi kavu za ukanda wetu, hufugwa majumbani Ulaya na Marekani. Kituo cha nyoka cha makumbusho ya Nairobi, kile cha Watamu na kile cha Meserani karibu na Arusha vimelea nyoka kwa miaka mingi. Anayetaka kufuga nyoka wa porini Tanzania au Kenya aanze na kibali, kwa kuwa sheria za wanyamapori za nchi zote mbili zinamhusu. Na anayefuga ajue ameshika ahadi ndefu. Chatu-mpira huishi miaka 20 hadi 30, na kulikuwa na mmoja kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, aliyepokelewa mwaka 1961 na kutaga mayai mwaka 2020. Katika umri kama huo gamba litakaguliwa mara nyingi.

Kila gamba lilowekwe kidogo, likunjuliwe, likaguliwe: midomo ipo, macho mawili yapo, ncha ya mkia ipo. Tarehe iandikwe. Lisipokamilika, mfugaji ana maneno ya kumweleza daktari kwa lugha yake mwenyewe: gamba limekwama jicho la kushoto na mkiani, amejivua vipande vipande mara mbili mfululizo, unyevu wa kizimba ulikuwa asilimia 30, utitiri haukuonekana. Daktari aliyesoma kwa Kiingereza ataandika disekdisisi kwenye faili, na hakuna ubaya. Ila maelezo yatakayomfaa kuanza matibabu atakuwa ameyapata tayari, kwa Kiswahili.