Nyumba Moja, Dini Tatu: Msikiti wa Matofali wa Brick Lane



Ndugu wazazi na wanafunzi, kwetu Bukirasazi tofali la kuchoma ni kitu cha kila siku. Tunalifyatua, tunalichoma, tunajengea; na nyumba ikizeeka tunaibomoa na kusahau aliyeijenga. Leo tunawaletea habari za jengo la matofali linalolindwa na sheria, nalo ni msikiti.

Lipo London, Uingereza, katika mtaa wa Brick Lane, uliopewa jina hilo kwa sababu ya matofali yaliyokuwa yakitengenezwa pale zamani. Lilijengwa mwaka 1743 liwe kanisa la Wahugenoti, Waprotestanti ambao wazee wao walikimbia Ufaransa baada ya Mfalme Louis wa 14 kuwanyima uhuru wa dini mwaka 1685. Mwaka 1819 likawa kanisa la Wamethodisti. Mwaka 1898 likawa sinagogi la Mayahudi, wengi wao wakiwa wamekimbia mateso katika dola ya Urusi. Mayahudi nao walipohamia sehemu nyingine za mji, Waislamu wenye asili ya Bangladesh wakalichukua, na mwaka 1976 likafunguliwa kuwa msikiti.

Uingereza imeliorodhesha katika daraja la pili kati ya madaraja matatu ya majengo ya kihistoria. Sura yake haibadilishwi bila kibali. Mnara wa chuma ulipoongezwa, ulisimamishwa kando. Ukutani ipo bado saa ya jua yenye mwaka 1743, na maneno ya Kilatini yanayomkumbusha mtu kuwa yeye ni kivuli tu, anapita.

Katika Surat Al-Hajj, aya ya 40, Allah (s.w.) anawataja waliotolewa majumbani mwao bila ya haki, kisha anataja nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti. Sisi Warundi tunalielewa jambo hilo: mwaka 1972, na tena 1993, maelfu yetu walivuka mpaka kukimbilia Tanzania.

Basi ndugu zetu, kabla hatujavunja ukuta mkongwe wa msikiti au madrasa, tuwaulize wazee: nani alitoa kiwanja? Nani alichoma matofali? Mwaka gani? Watoto wayaandike majibu daftarini. Mzee akishazikwa, ukuta peke yake hausemi.

Wabillahi tawfiq.